Banda la farasi wanne kando ya Ziwa Naivasha

SWALI: Nina farasi wanne ninaowatumia kutembeza watalii karibu na Ziwa Naivasha. Nimekusudia kuwajengea banda la mawe lenye vyumba vya mita 3 kwa 3, madirisha madogo ili wasipigwe na baridi ya usiku, na dari ya mbao ya kuwekea nyasi kavu. Saisi wangu, yaani mtunza farasi, anasema banda hilo litamchosha. Nibadilishe nini?

JIBU: Saisi wako ameona mbali, lakini nitaanza na madirisha, kwa kuwa kosa la hapo huwaumiza farasi wenyewe.

Baridi ya Naivasha haimtishi farasi mzima, mkavu na aliyeshiba nyasi. Kinachomdhuru ni hewa iliyofungiwa ndani, ambayo kufikia alfajiri huwa imejaa unyevu wa pumzi, vumbi la nyasi na amonia inayotoka kwenye mkojo. Ukitaka kulipima banda lolote, ingia asubuhi kabla halijafagiliwa, upige magoti hadi pua yako ifike pale farasi anapolaza kichwa, kisha uvute pumzi. Macho yakiwasha, hewa haitoshi, hata kama ulipokuwa umesimama hukusikia harufu yoyote. Acha basi uwazi wa angalau sentimita 30 chini ya ukingo wa paa katika pande zote mbili ndefu, pamoja na upenyo kileleni mwa mabati, ili hewa yenye joto ipande na kutoka.

Uwazi huo una gharama yake kwa mtu aliye kando ya ziwa. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, na aina yake kali huua farasi wengi mno wasio na kinga. Chanjo ndiyo ngao ya kwanza, na daktari wako wa mifugo atakupangia ratiba yake. Banda ni ngao ya pili. Usubi huuma zaidi kuanzia machweo hadi macheo, kwa hiyo farasi waingizwe kabla jua halijazama, na kila uwazi uwekewe wavu. Matundu ya chandarua cha kawaida humpitisha usubi, hivyo tafuta wavu wenye matundu madogo zaidi au uliotiwa dawa, na kwa kuwa wavu wa namna hiyo hupunguza hewa, ongeza ukubwa wa uwazi wenyewe. Tena usubi huzaliana kwenye tope lenye samadi, kwa hiyo bomba linalovuja mlangoni ni sawa na kuwafuga. Jenga mahali palipoinuka, mbali na mafunjo, wala usiuamini ukingo wa maji unaouona leo: mwaka 2020 ziwa hilo lilifurika hadi kwenye makazi ya watu.

Vyumba vya mita 3 vinawafaa farasi wa kimo kifupi. Farasi mkubwa apewe mita 3.6 kwa 3.6, kwa sababu anayegaagaa katika chumba chenye nafasi ndogo huweza kubanwa na ukuta akashindwa kuinuka. Ndiyo maana pia mlango, wenye upana wa mita 1.2, haupaswi kufungukia ndani. Sakafu iwe ya zege iliyokwaruzwa ili kwato zisiteleze, yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, itandikwe raba na juu yake maranda.

Dari ya nyasi iache kabisa. Vumbi lake litawamwagikia farasi usiku kucha, na moto ukizuka utaanzia juu ya vichwa vyao. Jenga ghala la nyasi kando, umbali wa mita 15 au zaidi, na ndani ya banda uweke nyasi za siku moja tu. Stoo ya nafaka iwe na komeo lenye pini, kwani komeo la kusukuma tu farasi hulifungua kwa midomo, na akila nafaka bila kipimo anaweza kupata msokoto wa tumbo au kuvimba kwato. Nimekwisha kuona farasi akimfungulia na jirani yake.

Sasa turudi kwa saisi. Farasi mmoja hunywa takriban lita 25 hadi 45 kwa siku na hutoa samadi ya kilo 20 au zaidi, na ukijumlisha maranda yaliyolowa, farasi wanne humtolea mtu mmoja mzigo wa karibu kilo 100 kila siku. Weka bomba katikati ya banda, ujia uwe na upana wa mita 3, na lundo la samadi liwe upande ambao upepo hauvumi kuelekea bandani, bila njia yake kupitia penye nyasi. Kabla fundi hajachimba msingi, chora banda zima ardhini kwa chokaa, mpe saisi toroli lililojaa, mtu mwingine amwongoze farasi kutoka upande wa pili, nawe utazame wanapopishana. Popote mmoja wao atakapolazimika kusimama kumngoja mwenzake, panua mchoro hapo hapo.