Shikamoo Inatosha

Jumamosi iliyopita niliongea na wazazi juu ya kuwalinda watoto na ukatili wa kingono, kwenye ukumbi wa ofisi ya kata, hapa Tanga. Walitangaziwa saa tatu, tukaanza saa tano kasoro, ndiyo kawaida yetu. Lakini sitajifanya mnyonge: walijaa mpaka wengine wakasikilizia dirishani, na akina baba walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona. Tulipomaliza, dereva mmoja wa bodaboda anayebeba watoto wa shule alinifuata. "Mama, mimi huwa naulizwa nauli tu. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniambia mtoto apakiwe vipi na nimfikishe kwa nani." Nilirudi nyumbani natembea kama nimepewa uenyekiti.

Sasa nyinyi mnaoniandikia kwamba mnataka kuanza elimu hii mitaani kwenu, nawapa siku niliyoharibu.

Watoto wangu wa kwanza kuwafundisha walikuwa wa darasa la tatu, shule moja ya msingi. Nilikwenda na bango nililochora mwenyewe: mwanamume mwenye gunia begani na pipi mkononi. Nikawakaririsha, "Usipokee kitu kwa mtu usiyemjua!" Wakaitikia mpaka mabati yakatetema. Mwalimu akapiga picha. Kisha binti mmoja wa dawati la nyuma, soksi moja imeshuka, akanyoosha kidole.

"Na kama unamjua?"

Nikamjibu, "Mwambie mama." Kengele ikalia, nikakunja bango langu. Nilipomwomba mwalimu mkuu nionane na yule mtoto, aliniambia huyo ana maswali mengi tu, nisimletee maneno shuleni kwake. Nikanyamaza. Muhula uliofuata nikasikia kahamishwa. Mwalimu mkuu yule nikikutana naye sokoni hadi leo namsalimia kwa mdomo tu, na mwenyewe sijajisamehe, kwa sababu hakuna aliyenifunga mdomo siku ile.

Bango nilichoma. Nikaanza kusoma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24: karibu wasichana 3 katika 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na wavulana kama 1 katika 7. Niliporudia hesabu hiyo ukumbini, nikawaomba wahesabu watoto wa safu yao ya nyumba. Ukumbi ukawa kimya. Mtu mwenye gunia hawezi kuifanya kazi yote hiyo peke yake, jamani.

Kwa hiyo siku hizi naanza na watu wazima. Na ushauri wangu mkubwa ni huu: shikamoo inatosha. Mtoto akishaamkia, adabu imekamilika. Asilazimishwe kupakatwa, kubusiwa wala kwenda kulala chumba kimoja na mgeni eti kwa sababu ni mjomba. Ukimlazimisha leo mbele yako, unamfundisha kwamba mwili wake una wenyewe.

La pili, mtajieni viungo vyake kwa majina. Uume, uke, matako. Mama mmoja aliziba uso kwa kanga niliposema hivyo! Lakini mtoto anayejua "nanihii" tu na "tabia mbaya" tu, atakueleza nini ukamwelewa?

La tatu ni kusikiliza, na hapa ndipo tunapoanguka wote. Mtoto akikuambia, usipige ukelele, usimuulize alifuata nini kule. Mwambie umemwamini. Usimwogeshe, nguo alizovaa usizifue. Muwahishe hospitali, maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Polisi nenda Dawati la Jinsia na Watoto, watakupa na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Hujui pa kuanzia, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Na hili la "tuyamalize kifamilia" linanichefua. Wazee wanakaa mkekani, inatajwa fidia, chai inanywewa, na mtoto yuko jikoni anasikia bei yake. Sheria yetu ya ushahidi inaruhusu mahakama imtie mtu hatiani kwa makosa haya kwa maneno ya mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Hakimu anaweza kumwamini mtoto wa miaka saba. Wewe uliyemzaa unamdai shahidi! Tubadilike. Tena nasema, shikamoo inatosha, na anayekereka kwa kunyimwa mtoto wa kumpakata, wewe mtazame vizuri.

Nasema hivyo nikiwa nimelipia. Idi iliyopita baba mdogo wa mume wangu alimwita binti yangu akae mapajani, kama alivyozoea kwa wajukuu wote. Sina neno baya juu yake, nisieleweke vibaya. Binti akanitazama mimi kwanza. Nikasema, "Ameshaamkia, baba." Birika lilisikika likichemka. Mzee akaomba viatu vyake, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu. Mama mkwe bado ananinunia, salamu zangu anazijibu kupitia kwa mume wangu.

Binti yeye alishatoka nje zamani, anacheza rede na wenziwe.