Mwalimu mpya Tanga: fundisha mfuatano wa namba kwa vizibo kabla ya chaki

Vizibo 40 vya soda vinatosha kikundi cha wanafunzi wanne, ila viwe vya rangi mbili, 20 kwa 20. Rangi ndizo zitakazowaonyesha kilichokuwepo na kilichoongezwa.

Weka kizibo 1. Waambie wakikuze kiwe mraba wa 2 kwa 2 bila kukisogeza. Wataongeza 3 vya rangi ya pili, vikae kama herufi L. Mraba wa 3 kwa 3 utadai 5 zaidi, wa 4 kwa 4 utadai 7. Jumla: 1, 4, 9, 16. Sasa uliza kwa nini nyongeza inapanda kwa 2 kila mara. Jibu liko mezani: kila L mpya imerefuka kizibo kimoja kwa kila mkono. Mtoto alitamke kwa maneno yake kwanza, ndipo aandike. Anayekimbilia "zidisha namba kwa yenyewe" amepata jumla, bado hajaona umbo linavyokua.

Kosa linalojirudia sana liko kwenye kona. Mraba wenye vitone 5 kila upande, ukingo wake pekee una vitone vingapi? Wengi watajibu 20. Ni 16, kwa sababu kila kona imehesabiwa mara mbili. Usiwatajie jibu, kila upande uhesabiwe na kona moja tu, watapata 4 mara 4.

Pembetatu ni 1, 3, 6, 10, 15. Ipange kama ngazi, safu zote zianzie ukuta mmoja wa kushoto. Ukichukua ngazi ya vizibo 10 na kuigeuzia nyingine kama hiyo ya rangi ya pili, zinakaa barabara, mstatili wa 4 kwa 5. Basi namba ya nne katika mfuatano huu ni nusu ya 20. Namba ya 20 je? Nusu ya 20 mara 21, yaani 210, bila kuchora kitone. Wanaofahamu mafungu ya machungwa ya Muheza waulize fungu lina mangapi, kila tabaka likiwa pembetatu: chini 3, juu 1, jumla 4; ukiongeza tabaka la 6 chini, ni 10.

Kuchora kufanyike kwenye daftari la miraba, kitone kwenye makutano ya mistari. Kwenye karatasi tupu safu hupinda na hesabu hupotea.

Usitoe maumbo mawili ukaomba la tatu: 1, 2 inaweza kuendelea na 3 au 4. Hata matano hudanganya. Wachore duara, waweke vitone ukingoni na kuunganisha kila kitone na vingine vyote. Kwa kitone 1 hadi 5, vipande vya duara ni 1, 2, 4, 8, 16. Darasa zima litasema 32. Kwa vitone 6 ni 31, na vikipangwa kwa nafasi sawa mistari mitatu hukutana katikati, vipande vikabaki 30.