Nirudishieni Psion, ila msiifanye simu

Swali lenu la wiki hii: ukipewa nafasi ya kufufua kifaa kimoja kilichoacha kutengenezwa, ungefufua kipi na leo kingekuwaje? Mi hata sijajiuliza mara mbili, ni Psion Series 5, ile kompyuta ya mkononi ya Waingereza iliyotoka 1997.

Kwa ambao hamkuiona, ina umbo kama kikasha cha miwani hivi, ukiifungua kibodi inasogea mbele yenyewe na skrini inaegemea nyuma, kwa hiyo hata ukiigusa kwa kikalamu chake haipinduki. Aliyebuni umbo hilo ni Martin Riddiford na mpaka leo sijashika kitu kidogo kiasi kile ambacho unaandika kwa vidole vyote kumi bila kujibana. Mjomba alirudi nayo toka London 2001, lile toleo la baadaye la 5mx, akanipa nikiwa chuo, basi umeme ukikatika bwenini wenzangu wanahangaika na mishumaa mi nawasha taa ya skrini naendelea na kazi yangu. Inakula betri mbili za AA, hizi hizi za rimoti, zikiisha unashuka kwa Mangi unanunua nyingine, na ndani kuna kibetri cha akiba kinachotunza kazi zako wakati unabadilisha.

Prosesa yake megahezi 36, memori megabaiti 16, skrini haina rangi. Lakini unawasha na papo hapo sentensi uliyoiacha jana usiku iko pale pale inakusubiri! Na Kiswahili changu hakikupigiwa mistari myekundu kila neno, hilo peke yake lilinipa raha ya kuandika.

Mwaka huo huo 2001 Psion wakatangaza wanaachana na hivi vifaa vya watu wa kawaida. Mfumo wake, EPOC, ulishapata njia nyingine maana 1998 walikaa na Nokia na Ericsson wakaanzisha Symbian, kampuni iliyougeuza kuwa mfumo wa simu, kwa hiyo wewe uliyetembea na Nokia N70 au E63 ulikuwa na mjukuu wa Psion mfukoni.

Najua kuna mtu atasema mbona ilishafufuliwa. Kweli, 2017 Planet Computers wa London walichangisha pesa mtandaoni wakaja na Gemini, kibodi akaichora Riddiford yule yule, na nawaheshimu sana kwa hilo. Ila wakaweka Android na sehemu ya laini, na hapo ndo tunapoachana, kwa sababu mashine ikishakuwa simu kila dakika kuna meseji, kuna kundi la harusi linachangishana, chaji inaisha jioni na ile aya uliyoianza asubuhi hujaimaliza. Mi nilichopenda kwenye Psion ni kwamba ukiifungua kuna kuandika tu, na ajenda, na mahesabu, basi.

Kwa hiyo wakinisikiliza, isiwe na laini kabisa. Betri zibaki AA mbili, chipu za sasa zinakula umeme kidogo mno kuliko za wakati ule kwa hiyo naamini zingefika mbali sana. Iwe na tundu la USB-C la kutolea mafaili. Skrini iwe ya wino kama za Kindle, vile vifaa vya kusomea vitabu, isomeke juani pale stendi, na kama wino utashindwa kufuata kasi ya vidole basi wabaki na ile ya kijivu, ilitosha kabisa. Na ule utepe wa waya unaopita kwenye bawaba kwenda kwenye skrini, ambao wenye Series 5 wengi wanajua ndo wa kwanza kukatika, wautengeneze mtu aweze kuubadilisha mwenyewe nyumbani kwa bisibisi. Upande wa programu pa kuanzia papo, msimbo wa programu za Symbian uliwekwa wazi 2010, vijana wetu wa programu wanaweza kuchimba humo waone nini bado kinafaa.

Halafu kamusi ya Kiswahili iwemo ndani toka kiwandani, na kitufe cha ng' kiwe karibu na kidole. Siku wakitangaza naweka oda mbili, yangu na ya mdogo wangu anayeanza chuo Oktoba.