Saidingi ya vinaili: usikaze msumari

Ndugu zetu wengi waliohamia Minnesota wananunua nyumba za mbao za zamani, na wakishaingia tu linazuka swali la kuta za nje: saidingi, yaani paneli zinazofunika kuta hizo, imepauka na kupasuka, je, tubadilishe wenyewe au tuite fundi? Nimefanya kazi hii na mafundi wa huku kwa misimu kadhaa. Naamini nyumba isiyo na ghorofa unaiweza, mradi ukubali kwamba vinaili hutundikwa, haikandamizwi ukutani.

Mkono uliozoea mabati na mbao hutaka kuushindilia msumari mpaka kichwa kigande. Vinaili ni plastiki ya PVC. Hutanuka kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi, na paneli ya futi 12 huweza kubadilika urefu kwa nusu inchi kati ya Januari na Julai. Ndiyo maana matundu yake ya misumari ni marefu. Piga msumari katikati ya tundu, ukiwa umenyooka, na uache kichwa kikiwa nje kidogo, kiasi cha unene wa sarafu ya senti 10 ya Marekani. Kisha ishike paneli uisukume kushoto na kulia. Ikigoma, legeza msumari kabla hujapanda mstari wa pili.

Niliwahi kuitwa kutazama nyumba ambayo ukuta wake wa magharibi ulinyooka asubuhi na kufanya mawimbi jioni. Mwenye nyumba aliamini ameuziwa vinaili mbovu. Tulipofungua, paneli zilikuwa nzima kabisa. Waliomfanyia kazi walikuwa wamekaza kila msumari.

Kwa sababu hiyohiyo, acha robo inchi kila ncha ya paneli inapoingia kwenye nguzo ya kona au kwenye chaneli, yaani mfereji mwembamba unaozunguka dirisha. Ukifanya kazi kwenye baridi chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti, ongeza nafasi ifike 3/8 ya inchi, maana paneli imeshasinyaa na kiangazi itarefuka. Paneli mbili zinapokutana zipandane kama inchi moja, na ukingo wa paneli iliyolala juu ya nyingine uelekee mbali na mlango mkuu ili mgeni asiuone. Misumari iwe ya alumini au iliyopakwa zinki, yenye kichwa kipana kama ile ya bati, na ishike mbao imara ndani ya ukuta.

Sasa maji, na hapa nawaomba sana msifanye haraka. Vinaili haizuii maji yote. Mvua ya upepo hupenya nyuma yake, na vitobo vidogo vilivyo chini ya paneli vimewekwa makusudi ili maji yatoke. Kinachoilinda nyumba ni karatasi ya kuzuia maji iliyo nyuma pamoja na flashi za madirisha, yaani vipande vyembamba vinavyoelekeza maji nje. Anza karatasi chini, na kipande cha juu kilalie cha chini, kamwe isiwe kinyume. Ukibandua saidingi ya zamani, bonyeza mbao kwa bisibisi kuzunguka madirisha yote. Zikiwa laini, zimeoza; zibadilishe kwanza. Na kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, pima rangi ya zamani kama ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kabla ya kuikwangua, hasa mkiwa na watoto wadogo.

Mstari wa kwanza upime kwa pima maji kuzunguka nyumba nzima, kwani ukipinda huo, yote ya juu itaufuata. Kwa kukata, msumeno wa umeme wenye meno madogo, diski ikiwa imegeuzwa nyuma, haupasui paneli.

Angalia pia dirisha la jirani. Vioo vya kisasa vya kuhifadhi joto huweza kuakisi jua na kuyeyusha vinaili ya ukuta unaotazamana navyo. Jiko la kuchomea nyama nalo likae mbali na ukuta. Mkimaliza, wekeni paneli chache za akiba karakana, kwa sababu rangi huacha kutengenezwa na inayouzwa miaka ijayo haitafanana na yenu.