Jibu: Mgonjwa amekuja na karatasi ya daktari, je, nimchunguze upya?

Mdogo wangu, umeuliza kama mgonjwa akiletwa fiziotherapia na karatasi imeandikwa "maumivu ya mgongo, apewe mazoezi", unapaswa kumchunguza upya au utakuwa unamvunjia daktari heshima. Mchunguze. Daktari amemwona kwa dakika chache, foleni imejaa mlangoni. Wewe utakaa naye nusu saa, amevua shati, na wiki ijayo utamwona tena. Nafasi hiyo wengine hospitalini hawana.

Mimi niko Kigoma. Wagonjwa wangu wengi ni watu wa kazi nzito: wavuvi wa dagaa, wakwea michikichi, akina mama wanaobeba ndoo za mawese. Migongo yao mingi kweli imechoshwa na kazi, na hapo ndipo hatari inapojificha, maana ni rahisi kuwapitisha wote mlango mmoja. Kabla ya kufikiria zoezi, najiuliza kama huyu ni mgonjwa wangu.

Ninachokitafuta kuliko vyote ni tabia ya maumivu. Mgongo uliochoka unaeleweka: akiinama unauma, akikaa sana unakaza, akilala vizuri unapoa. Nikimgeuza huku na huku nikakosa mkao wowote unaoongeza au kupunguza maumivu, naanza kuwaza figo, maambukizi, saratani.

Tumefundishwa kuuliza kama maumivu yanamwamsha usiku. Sasa mvuvi wa dagaa usiku yuko ziwani na taa zake. Atakujibu hapana, utaandika hapana, mtaachana. Muulize usingizi wa mchana. Muulize zile siku za mbalamwezi anapokuwa nyumbani.

Kuna kijana mvuvi aliletwa kwangu baada ya kumeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, miezi mingi. Nilimuuliza kama amepungua uzito, akasema hapana. Lakini mkanda wake ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari. Nikaweka funguo sakafuni nikamwomba aniokotee. Alichuchumaa polepole, mkono mmoja umeegemea paja, mgongo wima, haukukunjika hata kidogo. Nilipogonga taratibu pingili moja baada ya nyingine, mahali pamoja aliruka. Nikauliza tena, safari hii kuhusu jasho la usingizini, akaniambia shuka huwa linalowa. Siku hiyo hakufanya zoezi hata moja, na hakuna aliyemnyoosha wala kumvuta mgongo. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa zake ni za bure, ila huchukua miezi 9 hadi 12, na ukichelewa pingili zinaporomoka, kinundu kinatokeza, miguu inaweza kupooza.

Usidanganyike na picha safi ya kifua. TB ya mgongo inaweza kuwepo mapafu yakiwa hayaonyeshi kitu. Kwenye picha ya mgongo, kwa kawaida TB hula diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, pamoja na pingili mbili zinazopakana nayo, wakati saratani iliyosambaa mara nyingi huharibu pingili na kuiacha diski. Kwa mzee mwanamume uliza habari za tezi dume, kwa mama uliza habari za titi. Na mfugaji anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, mwenye homa inayokuja na kuondoka na maumivu ya kiuno chini kabisa, usiisahau bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo.

Lakini usianze kumrudisha kila mtu. Dalili moja peke yake mara nyingi haina uzito. Wapo wengi wanaoamshwa na maumivu usiku na hawana ugonjwa wowote wa kutisha. Zinapokutana ndipo nasimama: amepungua, ana jasho, maumivu hayabadiliki, alishawahi kutibiwa saratani.

Dalili moja tu sisubiri iwe na wenzake. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akianza kushindwa kukojoa, au kutosikia mkojo ukitoka, au akiwa na ganzi sehemu zile zinazogusa kiti cha baiskeli, huyo anaondoka siku hiyohiyo. Huenda mishipa ya fahamu ya chini imebanwa na inahitaji daktari wa upasuaji haraka. Najua ni vigumu kwa binti wa umri wako kumuuliza mzee maswali hayo. Funga pazia, mwombe aliyemsindikiza asubiri nje, kisha sema, "Shikamoo mzee wangu, nina swali la haja ndogo, nauliza kwa ajili ya mgongo wako." Ukiuliza bila kuona haya, naye atajibu.

Mengine kwa kifupi. Kigimbi kimoja kimevimba na kina joto baada ya safari ndefu ya kutoka Dar: usikichue, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Bega la kulia linalouma baada ya chakula cha mafuta, na huku bega lenyewe linazunguka vizuri: fikiria nyongo. Mtoto anayechechemea na kulalamikia goti, pima nyonga.

Kuhusu daktari, heshima yake utailinda kwa namna unavyoandika. Usiandike ugonjwa. Andika ulichokiona: pingili ipi inauma ikigongwa, nguvu ya kila mguu, jasho, mkao anaoukwepa, na unachoomba kichunguzwe. Daktari akipata barua ya namna hiyo ana kitu cha kushika. Na chukua namba ya simu ya mgonjwa. Ukimwandikia aende Maweni, hospitali yetu ya mkoa, naye anatoka mbali kama Kalya, mpigie baada ya siku chache, kwa sababu wapo wanaorudi nyumbani na barua mfukoni kwa kukosa nauli.