Maswali na majibu: shule na vikundi vya zamani mlimani Kilimanjaro

Kwa nini shule nyingi kongwe za huku zimepakana na kanisa? (Msomaji, Kibosho)

Zilizaliwa humo humo. Wakatoliki waliweka misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakafika Machame mwaka 1893, na penye kanisa pakawa na darasa. Mara nyingi mwalimu wa Jumatatu ndiye aliyehubiri Jumapili. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 Serikali ilizichukua shule hizo, ila majengo hayakuhama.

Ni kweli kahawa ndiyo iliyotusomesha? (Msomaji, Marangu)

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Ila tunaisifu mno kahawa na kuwasahau waliojipanga. Wakulima wa Kiafrika waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA (Kilimanjaro Native Planters Association), mwaka 1925. Mwaka 1933 ikaja KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), muungano wa vyama vya msingi vya vijijini. Chama cha msingi ndicho kilichopima kahawa na kuandika kilo za kila mtu daftarini. Malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, yakitoka, mzazi alilipa ada. Na mtu aliyezoea kusomewa mapato na matumizi, akambana katibu mbele ya wenzake, hana haja ya semina ili akae kwenye kamati ya shule. Huo ndio urithi ninaouthamini kuliko fedha zenyewe.

Vijana wanadhani vikundi vimeanza na vikoba. Kabla yake je? (Msomaji, Old Moshi)

Waoneshe mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga. Maji yanachepushwa kutoka korongoni, yanapitishwa ubavuni mwa mlima hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani, na hakuna awezaye kuuchimba peke yake. Kulikuwa na msimamizi, siku za kuuzibua na zamu za kumwagilia. Asiyetokea kazini alitozwa faini, pengine ya mbege, pombe ya ndizi. Nguvu hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kubeba mawe na mchanga wa madarasa.

Baba anasema alifundishwa na kijana wa darasa la saba. Ananitania? (Msomaji, Moshi mjini)

Hakutanii, hiyo ni UPE, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Mwaka 1974, kule Musoma, chama tawala TANU kiliamua watoto wote waandikishwe shule kufikia 1977. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza la saba wakakabidhiwa chaki huku wakisomea ualimu kazini.

Nataka kuandika historia ya shule yetu. Nianzie wapi? (Msomaji, Rombo)

Mwombe mwalimu mkuu daftari la uandikishaji la zamani, utakuta majina ya wanafunzi na ya wazazi wao. Kisha nenda parokiani au usharikani, halafu uombe mihtasari ya vikao kwenye chama cha msingi. Wazee waendee mwisho, majina ukiwa nayo mkononi. Mzee ukimuuliza shule ilianza lini atakujibu "zamani sana" akanyamaza. Msomee orodha ya darasa lake, uone kama utaondoka kabla giza halijaingia.