Chalii wa Moshi, funga hicho kitabu kwanza

Umeuliza mambo matatu: karatasi ya kava iwe ya gramu ngapi, mteja umtajie bei gani, na kama kuna shida ukitresi pozi la Superman, yaani ukaweka karatasi juu ya picha ya mtu na kufuata mistari yake, halafu ukaligeuza upande. Hilo la tatu umelitupia mwishoni kama kitu kidogo. Ndilo litakalokula hela yako. Usitresi, na kuligeuza hakusaidii kitu.

Nimeshtuka kwa sababu kava unalolitaka ni lilelile nililotresi mimi: toleo namba 7 la katuni ya Kimarekani Crisis on Infinite Earths, 1985, mchoraji George Pérez, Superman amembeba Supergirl aliyekufa huku analia. Kazi yangu ilikuwa kijitabu cha katuni kuhusu usalama wa wagumu, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, mteja akiwa shirika moja la hapa Arusha. Nikaweka karatasi juu ya kioo chenye taa chini, nikageuza, Superman akawa mgumu, Supergirl akawa mwenzake aliyezidiwa juu mlimani. Joho nikalifanya koti la mvua.

Mteja akapeleka nakala za kwanza Marangu, getini, wagumu wazione. Mzee mmoja akaitazama kava muda mrefu, akauliza, "Huyu kambeba mwenzake hivi, anashuka naye wapi?" Watu wakacheka. Mlimani majeruhi hashushwi mikononi kama bibi harusi. Kuna machela ya gurudumu moja, anafungwa mikanda, vijana wanashika mbele na nyuma, wanashuka nayo mbio kwenye mawe. Kila mgumu analijua hilo. Mimi sikwenda kuuliza, maana picha nilikuwa nayo tayari, tena nzuri kuliko ninavyoweza kuchora.

Hapo hapo kijana mmoja wa ofisini kwa mteja akatoa simu, akaweka kava la 1985 pembeni ya langu. Mkono uleule unaoning'inia, kichwa kilekile kilicholala nyuma, ila kwa upande wa pili. Koti la mvua bado lilikaa mabegani kama joho, na kifua cha mgumu wangu kilikuwa cha Superman mtupu. Salio sikulipwa. Kava zilikuwa zimeshachapwa zote, na mwenye mashine hahusiki na ugomvi wako na mteja, anataka chake. Kompyuta yangu iliuzwa kwa ajili hiyo.

Aliyenishauri ni kaka mmoja aliyetutangulia kwenye fani, na mpaka leo nina hasira naye. Aliniambia Wazungu wenyewe wanaigana, akanitajia Wally Wood, mchoraji wa katuni wa Marekani, aliyesema usichore unachoweza kukopi, wala usikopi unachoweza kutresi. Ni kweli Wood alisema. Ambacho kaka hakusema ni kwamba Wood alikuwa mmoja wa wachoraji hodari kabisa wa kizazi chake, mtu wa kuchora chochote bila kutazama popote. Kijana anayeanza ukimpa maneno hayo peke yake umempoteza. Akaniambia pia kwamba Batman wa kava la 1939 mwili wake ulitoka kwenye katuni ya Flash Gordon ya Alex Raymond. Nalo ni kweli. Halafu kazi ilipoharibika hakupokea simu.

Sikiliza sasa. Mpangilio wa mtu kubeba maiti mikononi hauna mwenyewe. Kabla ya Pérez, John Byrne aliuweka kwenye kava la katuni ya X-Men namba 136, mwaka 1980. Jim Starlin mwaka 1982 alimlaza shujaa wa katuni Captain Marvel mikononi mwa Kifo chenyewe. Wote nyuma yao kuna Pietà ya Michelangelo iliyoko Vatikani, sanamu ya Maria amempakata Yesu aliyekufa, na kabla yake wachongaji wa Ujerumani walishalichonga tukio hilohilo karne ya 14. Lakini Michelangelo hakuchukua mistari ya Mjerumani. Alikuwa na tatizo lake, mwanamke atambebaje mwanamume mzima mapajani, akalitatua kwa kumfanya Maria mkubwa kuliko kawaida na kuficha ukubwa huo kwenye mikunjo ya nguo. Hata sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 hailindi wazo, inalinda kazi yenyewe ilivyotengenezwa.

Kwa hiyo tazama kava la Pérez unavyotaka, kisha lifunge, liweke chumba kingine. Mwite mdogo wako uani, mpe gunia la mahindi mikononi, mwambie asimame mpaka achoke. Utaona mgongo unarudi nyuma, magoti yanakunjika kidogo, kidevu kinapanda, vidole vinatafuta pa kushika. Superman hachoki, ndiyo maana ukimtresi hayo yote hutayapata. Mchore mdogo wako. Na kama bado unataka msomaji amkumbuke Pérez, andika jina lake kwenye kona ya kava, wazi, asomaye aone.

Gramu za karatasi na bei tutaongea ukishaweka hapa mchoro wa mdogo wako na gunia.